Mita ya Upande wa Pili

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, seremala alitoka nje kwenda kusoma mita isiyo yake.

Mita zilikuwa mbili, zimekaa bega kwa bega kwenye ukuta wa mbele, kila moja ndani ya kisanduku chake. Ya kulia ilikuwa yake. Ya kushoto ilikuwa ya mdogo wake, fundi cherehani, aliyeishi nusu ya pili ya nyumba hiyohiyo ya marehemu baba yao. Walipogombania chumba cha marehemu, seremala alijenga ukuta katikati ya ua kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo, mwaka wa sita sasa, hawakusalimiana. Wakikutana njiani, mmoja aliinama kufunga kamba za viatu hata kama amevaa ndala. Majirani wanajua kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hawa wawili waligombana hadi majembe yakaisha makali.

Seremala alifungua kisanduku cha kushoto, akakodoa macho. Zilikuwa zimebaki uniti 41.6. Jana zilikuwa 46.3. Alichomoa penseli sikioni, akaandika kwenye daftari, akatia alama ya vema mbele ya namba, kisha akaanza.

"Karibu uniti tano kwa siku moja! Mtu mmoja, hana mke, hana mtoto! Anapiga pasi nguo za jeshi zima?"

Mkewe alikuwa anafagia. "Na yetu imebaki ngapi?"

"Yetu nitaijuaje? Mimi nina kazi na hii."

"Kazi gani hiyo isiyo na mshahara? Miaka yote hii unaandika nini?"

"Ushahidi. Huyo ni mwizi. Aliyetaka kula chumba cha baba atashindwa umeme?"

Zamani mkewe alikuwa akicheka. Lakini wiki iliyopita, alipofungua kisanduku chao kuingiza umeme alioununua, alikuta kwenye kifuniko alama za vidole vitatu vya chaki ya buluu, ile ya mafundi cherehani. Alimwonyesha mumewe, na akajuta papo hapo.

"Umeona? Anatia mikono mpaka kwenye mita yetu!" Seremala aliunguruma akiwa ameuelekea ukuta, ili wa upande wa pili asikie vizuri. "Nikimkamata, mtaa huu utahama!"

Upande wa pili cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Asubuhi iliyofuata baada ya ile ya uniti 41.6, seremala alifungua tena kisanduku cha kushoto. Akasoma. Akafuta kioo kwa kidole, akasoma upya. 41.1. Hakuandika. Penseli ilimponyoka, na hakuiokota.

"Nusu," alisema. "Nusu uniti tu."

Hesabu hiyo mkewe aliifanya upesi. Mtu wa uniti tano kwa siku hawezi kutumia nusu, labda awe ameunga waya kwa mwenzake. "Ameunga kwetu?"

Seremala aliingia karakana akatoka na mtaimbo. Kwa miaka sita mkewe alikuwa amezizoea hasira za mumewe, maana zilikuwa za mdomo na ziliisha na chai. Hizi hazikuwa na neno hata moja, na ndizo zilizomtisha. Alitupa ufagio, akamfuata mbiombio bila viatu.

"Baba watoto! Hasira hasara! Mwache, ni damu yako!"

Majirani walitoa vichwa madirishani. Seremala alikuwa ameshafika kwenye mlango wa mdogo wake. Mlango ule aliutengeneza yeye, enzi za baba, na alijua bawaba ya chini haikuwahi kukaa sawa. Aliupiga mara tatu. Pigo la tatu liliung'oa.

Ndani taa ilikuwa inawaka, na nje jua limeshapanda. Pasi ilikuwa baridi. Fundi cherehani alikuwa sakafuni kati ya meza na cherehani, midomo imekauka, mguu umepinda vibaya, na kando yake kigoda kilichovunjika na jora la kitambaa lililoanguka kutoka rafuni. Alikuwa amelala hapo tangu jana asubuhi.

Mtaimbo ulianguka chini. Seremala alipiga magoti, akamshika mdogo wake kichwa, na bado alikuwa anafoka, machozi yakimtiririka.

"Mjinga mkubwa wewe! Naona mita haijashuka, roho ikanitoka! Kigoda kibovu hivi unakipandia nini? Mimi si seremala? Ulishindwa kuniambia nikigongee msumari?"

Mkewe alikimbilia mezani kutafuta maji. Pale pembeni ya mkasi kulikuwa na daftari lililofunguliwa, kurasa zimejaa vidole vya buluu. Alidhani ni vipimo vya wateja. Hakukuwa na kiuno wala bega. Kulikuwa na tarehe, na kila tarehe ina namba yake, na mbele ya kila namba alama ya vema. Mstari wa mwisho ulikuwa wa juzi.

Fundi cherehani alikunywa mafunda mawili, akageuza macho kumtafuta mke wa kaka yake.

"Shemeji," alisema kwa sauti iliyokauka, "ya jana sikuwahi kuisoma. Kwenu imebaki ngapi?"