Majani ya Mama

Salhiya alilishika jani la manjano, akajua. Asubuhi ile, kwenye mafunzo ya kilimo kituoni Kizimbani, walionyeshwa majani ya tembo, malisho ya ng'ombe kama haya, yamedumaa na kukonda. Ugonjwa huo hauna dawa. Shina hung'olewa likachomwa, na kipando hakigawiwi.

Shamba hili, pembeni mwa uwanja, alilipanda mama yake. Tangu azikwe, kila aliyepiga hodi kwa Salhiya alikuja kuomba vipando.

"Hodi!"

Alikuwa Bi Kulthum, jirani yake, mundu mkononi.

"Shikamoo, Bi Kulthum."

"Marahaba. Binti yangu kanunua ng'ombe. Nshamwambia majani yapo kwa Salhiya."

"Leo siwezi kukupa. Yanaumwa."

"Mamaako hakuninyima hata siku moja." Bi Kulthum aliyatazama yale majani. "Mbona yangu yako hivi hivi, na mbuzi wanakula?"

Salhiya aliinama, akavuta shina mpaka likatoka na udongo wake.

"Nnaanza na haya ya mama," alisema. "Kisha nnakuja kwako, kuyang'oa na yako."

Alipoinuka, uwanja ulikuwa mtupu. Ng'ambo ya ua, Bi Kulthum alikuwa akitia komeo mlangoni kwake.