Chupa ya Majimaji na Chupa ya Mayai

Chupa ya majimaji ilikuwa imechafuka ndani: kitu kilikuwa kinaota. Godeliva aliiinua dirishani, akaitazama tena. Ile ya mayai, iliyotiwa makohozi yale yale siku ile ile, bado ilikuwa laini na ya kijani, haina hata kipele.

Pale maabara walikuwa wanalinganisha njia hizo mbili za kuotesha vimelea, katika majimaji na katika mayai, wajue ipi inawahi kuonyesha kifua kikuu. Godeliva alipaka tone la ile ya majimaji kwenye kioo, akalitia rangi. Chini ya darubini vimelea vilionekana vyekundu, vimesokotana kama kamba.

"Tungoje ya mayai iote," alisema mkuu wake. "Ndiyo tunayoiamini."

"Itachukua wiki kadhaa. Na mama mwenye makohozi haya anapanda boti leo."

Hakungoja jibu. Alivua koti jeupe, akashika njia ya bandarini.

Alimkuta yule mama, aliyekimbia vita Kanyosha, kwenye foleni ya boti ya kwenda Kigoma. Mtoto alikuwa mgongoni. Dada wa huyo mama alikuwa ametangulia botini. Milimani bunduki zilikuwa zinalia tangu asubuhi.

"Mama, tumekuta kifua kikuu. Usiende."

"Dawa iko kule?"

"Mi sijui. Hapa iko, naijua."

Mama alikohoa ndani ya kiganja. Akatazama milima, akatazama boti.

"Na mutoto, aende na dada yangu?"

"Naona bado muzima. Lakini asilale na we. Kule wamupime."

Mama alifungua fundo la kitenge kifuani, polepole, maana lilikuwa limekazwa kwa safari. Kisha akamnyanyua mtoto juu, kuelekea mikono ya dada yake kule botini.