Zamu ya Nungunungu kwenye Maji Moto

Nungunungu alikuwa mnyama wa kusitasita, na mkewe alimpenda hivyo hivyo.

Siku moja Pimbi, mwenye mapango karibu na chemchemi ya maji moto, alitangaza kwamba anauza zamu za mapumziko. Atakayelipa mihogo mara moja atapewa pango kwa wiki moja kila mwaka, maisha yake yote.

"Mume wangu, tuchukue," mkewe alisema. "Sijawahi kulala mahali ambapo sikupafagia mwenyewe."

Nungunungu akaenda kuuliza.

"Imebaki zamu ya masika, pango la chini," Pimbi akamwambia.

"Masika kuna matope," Nungunungu akajibu. "Nami nataka pango la juu, lenye upepo. Nitangoja."

Akangoja miaka mingi. Kila mwaka palikuwa na zamu, na kila mwaka aliiona ina kasoro. Hatimaye pango la juu likapatikana, tena msimu wa matunda. Akalipa, akakimbia nyumbani kutoa habari.

Mkewe alifurahi, akajaribu kusimama. Miguu ya uzee ikakataa.

"Safari hiyo siiwezi tena," akasema. "Nenda wewe, ukirudi unihadithie."

Akaenda. Upepo ulikuwa mwanana na maji yalikuwa matamu. Aliingia mara moja tu, akatoka analia.

"Mbona unaondoka mapema, mzee?" Pimbi akamuuliza.

"Zamu yangu mpe mwingine," Nungunungu akasema. "Yeyote ambaye mwenzake bado anaweza kutembea."