Korongo Aliyewauliza Wakulima wa Bondeni

Mwaka mmoja wa mvua njema, Mfalme Nyati alimtuma Korongo, mtafiti wake wa kilimo, awaulize wakulima wa bondeni walivuna kiasi gani. Ngiri aliposikia, aliwaita jirani zake.

"Tuseme hatukupata kitu, tuletewe chakula cha msaada."

"Na akichungulia maghala?" aliuliza Nungunungu.

"Huyo huuliza tu. Hachungulii."

Kweli, Korongo aliketi mbele ya ghala la Ngiri lililojaa mahindi mpaka mlangoni, akauliza habari za mavuno.

"Hakuna kitu, mheshimiwa. Ardhi imechoka."

Wakulima wote walijibu hivyo hivyo. Korongo alifurahi mno, kwani hakuwahi kupata majibu yanayolingana namna ile. Akamhakikishia mfalme kwamba takwimu zake hazina shaka.

Mfalme akawahurumia wakulima. Akaamuru wahamishiwe mlimani kwenye mawe, na ile ardhi iliyochoka akampa shemeji yake ajaribu bahati.

Ngiri alimkimbilia Korongo akilia. "Mheshimiwa, nilidanganya! Bonde lile lina rutuba!"

"Pole sana, ndugu yangu," alisema Korongo kwa upole. "Jibu lako linapingana na la bonde zima. Itabidi nilitupe."