Wakati wa Wambura

Maji yalikuwa yamemfika Wambura magotini alipokumbuka kwamba ana ng'ombe mwenye mimba.

"Samahani, Mchungaji," alisema. "Nimemwacha ng'ombe huko Butiama, naona kama atazaa leo. Tuuahirishe ubatizo kidogo."

"Baba Robi!" Mkewe, Sabina, alipaza sauti kutoka ufukweni mwa ziwa, taulo kifuani. "Ng'ombe gani tena? Si alishazaa mwezi jana! Songa mbele!"

Kwaya ikaangua kicheko. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa upande wa Mwigobero wakaacha kazi, wakasogea kutazama.

Watu wa kanisa lake hawakushangaa. Kwa miaka mingi Wambura alikuwa mtu wa kubatizwa kesho. Mara ya kwanza walikubaliana wampeleke bwawani Bunda. Siku yenyewe akaamka na matubwitubwi, shavu limevimba, hawezi hata kuongea. Wote wakamhurumia, mpaka alipopiga chafya, kipande cha muhogo kikamtoka mdomoni na shavu likanywea hapo hapo. Mara nyingine alisema anawahi mazishi kijiji cha pili. Jioni yule marehemu akaja mwenyewe kuazima jembe.

Kila walipomuuliza alikuwa na jibu moja: "Mungu ana wakati wake. Mimi ni nani nimharakishe?"

Sabina hakutaka hata kulisikia jibu hilo. Katika kanisa lao hapakuwa na mtu wa moto kama yeye. Alipoolewa kutoka Suguti aliingia kwaya Jumapili ile ile, na kwa sauti ile aliyokuja nayo, nani angeanza kumuuliza maswali? Aliongoza maombi ya akina mama, alikemea mapepo, alitembelea wagonjwa. Siku za meza ya Bwana, wenzake wakiwa ndani wanashiriki, yeye alijitolea kubaki jikoni kuwachemshia wageni chai.

"Huyu mama ana moyo wa utumishi," Mchungaji Isaya alipenda kusema.

Nyumbani ndiyo alimshikia bango mumewe. Asubuhi, ubatizo. Akimpakulia ugali, ubatizo. Robi, binti yao, na wadogo zake walishabatizwa wote, na baba yao akawa anapigiwa mfano mpaka na mkwe.

Lakini safari hii kilichomleta ziwani hakikuwa maneno ya Sabina. Yalikuwa mahubiri. Mchungaji Isaya alisema Mungu hakuwahi wala hakuchelewa. Alimtuma Mwanawe wakati ulipotimia, ili watu waliokuwa watumwa wafanywe watoto wake wa nyumbani.

"Kibarua anabisha hodi, anasubiri mlangoni," alisema. "Mtoto habishi. Anaingia tu mpaka jikoni, anafunua sufuria aone kuna nini."

Wambura aliyekuwa anasinzia akafumbua macho. Utotoni alichunga ng'ombe wa watu. Chakula chake kilitolewa nje, karibu na zizi, kwenye sahani ya peke yake. Alikaa boma lile mpaka akaota ndevu, na hakuwahi kujua jiko lao linafananaje kwa ndani. Siku hiyo alitoka kanisani moja kwa moja hadi nyumbani, akakaa. Mwishowe akasema, "Mama Robi, naona wakati umefika."

Sabina alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani.

Na sasa Wambura yuko ziwani, anarudi nyuma kidogo kidogo. Mchungaji Isaya akamfuata taratibu, kama mtu anayetaka kukamata ndama.

"Mzee wangu, unaogopa nini?"

"Baridi," alisema Wambura. Kisha akashusha sauti. "Na Mungu je, akinishangaa? Mtu mwenye mvi kama mimi naanzaje kuwa mtoto?"

"Hawezi kukushangaa. Ni yeye aliyekuita."

Wambura alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akaziba pua kwa mkono mmoja, akashika suruali kwa mkono mwingine, akafumba macho.

Mchungaji akataja jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akamlaza majini. Tatizo ni kwamba Wambura alikuwa mzito, na Mchungaji alikuwa mwembamba. Wakaenda chini wote wawili. Vikabaki viputo tu. Kwaya ikaendelea kuimba, maana hakuna aliyejua la kufanya.

Wakaibuka wamekumbatiana. Mchungaji alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Wambura alikohoa, akacheka, akalia, vyote kwa pamoja.

"Nimekuwa mtoto!" alipiga kelele. "Mama Robi, mimi ni mtoto wa nyumbani!"

Akakataa kutoka. Alijimwagia maji kichwani, akapiga mbizi, akaibuka mbele zaidi, akapunga mkono kwa akina mama wa dagaa, nao wakampungia. Mzee mzima akawa anarusha maji kama bata.

Sabina hakupiga vigelegele. Alisimama palepale akimkagua mumewe kwa makini.

"Baba Robi, hebu inua mguu wa kulia."

Wambura akauinua, akidhani anaambiwa acheze.

"Na wa kushoto."

Akauinua na huo.

Sabina akampa Robi taulo, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia majini. Alimpita mumewe, akaenda kusimama mbele ya Mchungaji Isaya.

"Haya, Mchungaji. Na mimi sasa."

"Na wewe nini, Mama?"

"Nibatize. Nilikuwa nasikiaga hili ziwa lina mamba, nikasema kwanza aingie Baba Robi."