Unywele wa Nyusi

Chini ya darubini, Najiat alimgusa tena mnyoo kwa unywele wa nyusi zake. Mnyoo hata hakujikunja.

Mnyoo huyo alizaliwa bila ile jeni inayoziamrisha seli changa ziwe neva za kuhisi mguso. Najiat alikuwa amemrudishia jeni hiyo, na bado hahisi!

“Bibi harusi, somo wako wa kukufunda anakusubiri na hina,” mama yake alisema mlangoni. “Na nyusi umezing’oa zote kwa ajili ya minyoo? Utanitia aibu mtaa mzima wa Chemchem!”

Kwa hasira Najiat akamgusa mnyoo mwingine, mzima, asiye na kasoro yoyote. Naye akalala tu.

Kumbe kosa ni la unywele: laini mno!

Akainua macho, akazitazama nyusi za mama yake, nzito, ngumu kama brashi.

“Mama, hebu njoo uiname kidogo.”