Viatu Kando ya Moto

"Viatu ni vya nani?" Barua kutoka Edinburgh ilianza na swali hilo, limepigiwa mistari miwili.

Gavin Orrock, mshairi, aliisoma amesimama mlangoni. Mwaka wa tatu huu alikuwa akizunguka mabonde ya kusini mwa Uskoti, akinakili nyimbo za kale na kumpelekea Bwana Pringle, mchapishaji. Wimbo mmoja ndio uliowakosha wote wawili: mwanamke anapasha viatu motoni kila jioni, na mwenye viatu harudi. Gavin alikwisha kuapa kwa barua kwamba wimbo una miaka mia mbili. Sasa Pringle alitaka ubeti mmoja zaidi, unaosema kama mwenye viatu ni askari au baharia. Ukikosekana, wimbo hauingii kitabuni, na kitabu kinakwenda mtamboni Ijumaa.

Ajabu, Gavin hakuhisi hofu. Hakuhisi kitu. Tangu Januari, walipomzika binti yao Marion, moyo wake ulikufa ganzi. Siku ya tatu baada ya mazishi alitia daftari mfukoni akarudi njiani. Mkewe Elspet naye hakulia, hakusema, na Gavin akamwona mwenye moyo wa jiwe.

"Elspet, huyu mwanamke anampashia nani viatu?"

"Si wewe ndiye mjuzi wa nyimbo?" Akaendelea kukoroga uji.

Basi akavuka ua kwenda kwa jirani, Bibi Jonet Tweedie. Wimbo wenyewe aliuiba kwake, amejibanza nyuma ya zizi, maana Jonet huwaimbia ng'ombe wake anapokamua, na akiona mwanamume huacha kuimba.

"Kumbe ni wewe unayenidokolea nyimbo! Mtu mzima na ndevu zako!" Jonet akacheka juu ya ndoo Gavin alipokiri. "Haya, upi tena?"

"Wa viatu. Ulifundishwa na bibi yako?"

Kicheko kikakatika. Mikono ikaachia chuchu za ng'ombe.

"Bibi yangu wapi! Huo nimeusikia majira haya haya ya baridi, ukipenya ukuta wa jikoni kwako, kila ukiwa safarini. Nikaushika tu, na ng'ombe naye akauzoea." Akasogeza ndoo kando. "Gavin, mwanangu, kweli hujaviona viatu vya Marion pale kando ya moto?"